Rutuba Inapozidi Majini: Kuchunguza na Kulinda Maziwa ya Kina Kifupi katika Bonde la Kilombero



Bonde la Kilombero, Tanzania, ni nchi ya maji mapana yasiyo na kina. Kati ya milima ya Udzungwa upande wa kaskazini-magharibi na nyanda za juu za Mahenge upande wa kusini-mashariki, mito ya Mnyera, Ruhudji, Mpanga, Kihansi, Ruipa, Lumemo, Furua na mingineyo huteremka hadi kwenye mbuga tambarare. Masika yakikolea, hasa mwezi wa Aprili, Mto Kilombero hutoka kingoni na mbuga hugeuka ziwa moja. Kiangazi kikiingia, maji hujitenga, yakabaki katika mabwawa, katika vinamasi kama Kibasira, na katika vipande vya mikondo ambayo mto uliiacha ulipohama njia. Mwaka 2002 bonde hili liliingizwa katika orodha ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, likiwa na eneo la kilomita za mraba 7,967.

Mhadhara huu unakusudia kueleza jinsi rutuba inavyogeuka kuwa uchafu katika maji ya aina hii, jinsi uchafu huo unavyochunguzwa, na jinsi unavyopunguzwa. Hoja yake kuu ni hii: katika maji ya kina kifupi rutuba iliyokwisha kuingia ni vigumu kuitoa, kwa hiyo kazi ya kulinda ziwa hufanyika shambani, malishoni na mjini, kabla maji hayajabadilika rangi. Hoja hiyo imegawanywa katika sehemu sita.

1. Kina kifupi huipa ziwa tabia yake

Katika ziwa lenye kina kirefu, maji ya juu yenye joto huelea juu ya maji baridi ya chini kwa miezi mingi. Kinachozama kwenye maji ya chini hukaa huko muda mrefu bila kurudi kwenye mwanga. Ziwa la kina kifupi halina chumba hicho cha chini. Upepo wa mchana mmoja hufika hadi kwenye tope, hulikoroga, na kurudisha juu kile kilichokuwa kimezama.

Mfano uliochunguzwa kwa kina katika Afrika Mashariki ni Ziwa George nchini Uganda. Lina kilomita za mraba zipatazo 250, lakini kina chake cha wastani ni mita 2.4 tu. Kati ya mwaka 1966 na 1972 kundi la wanasayansi lililifuatilia mchana na usiku. Lilibaini kuwa tabaka za joto hujengeka jua linapopanda na kuvunjika usiku, maji yote yakichanganyika. Rutuba ileile hutumiwa na mwani, huliwa, hutolewa na viumbe na kutumiwa tena, mzunguko baada ya mzunguko, na ziwa hubaki la kijani mwaka mzima.

Mabwawa ya Kilombero yana kina kifupi vilevile, ila yana jambo moja ambalo Ziwa George halina: mafuriko ya kila mwaka. Maji mapya huyasafisha mabwawa, huyaunganisha na mto, huingiza samaki na kutoa sehemu ya mzigo uliorundikana. Mafuriko hayo hayo huleta tope la milimani. Bwawa linaloishia kiangazi likiwa na maji ya goti linaweza kuwa na ukolezi wa rutuba mara nyingi zaidi ya ule liliokuwa nao Mei, bila mtu yeyote kuongeza kitu, kwa kuwa maji yamekauka na rutuba imebaki.

2. Rutuba kidogo hutosha kuharibu maji mengi

Mwani, kama mpunga, unahitaji naitrojeni na fosforasi. Kwa kila gramu 1 ya fosforasi, mwani wenye chakula kingine cha kutosha unaweza kujenga zaidi ya gramu 100 za mwili mkavu. Ndiyo maana fosforasi, ingawa huwa kidogo kuliko virutubisho vingine, mara nyingi ndiyo inayoamua wingi wa mwani.

Ushahidi ulio wazi zaidi ulipatikana Kanada mwaka 1973. Mtafiti David Schindler na wenzake waliligawa ziwa dogo la Ontario, linalojulikana kwa namba 226, kwa pazia la plastiki. Upande mmoja waliweka kaboni na naitrojeni. Upande wa pili waliweka hizo mbili pamoja na fosforasi. Upande wa pili ukageuka kijani kibichi, wa kwanza ukabaki mwangavu, na picha iliyopigwa kutoka angani ikamaliza ubishi uliokuwa umedumu kwa miaka.

Hesabu ifuatayo inafaa kwa msikilizaji yeyote anayenunua mbolea. Mfuko wa mbolea ya DAP wa kilo 50 una fosforasi ipatayo kilo 10. Katika viwango vilivyotolewa na Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo (OECD) mwaka 1982, ziwa huhesabiwa kuwa limezidiwa na rutuba wastani wake wa fosforasi ukipita takriban maikrogramu 35 kwa lita. Kilo 10 zikiyeyuka zote majini, zinatosha kulifikisha kwenye mpaka huo bwawa la hekta 28 lenye kina cha mita 1. Bwawa la upana huohuo lenye kina cha mita 40 lingehitaji mifuko 40. Mkulima hapotezi mfuko mzima, lakini hata sehemu ya kumi ikitoka katika majaruba, mifuko kumi hufanya kazi ya mmoja.

Naitrojeni nayo si ya kupuuzwa. Katika maji ya joto ya kitropiki, bakteria wa kwenye tope huibadilisha sehemu kubwa yake kuwa gesi, ikapotelea hewani, na hivyo naitrojeni ndiyo huweza kupungua kwanza. Hapo hunufaika aina za mwani wa kijani-buluu zinazoweza kuvuna naitrojeni moja kwa moja kutoka hewani. Fosforasi haigeuki gesi ikapotelea hewani: huondoka na maji au huzama kwenye tope. Kwa sababu hiyo udhibiti huanza na fosforasi bila kuiacha naitrojeni iende huru.

Madhara hufuatana kwa utaratibu unaojulikana. Mwani ukizidi huzuia mwanga, na mimea ya chini hufa. Usiku mwani huvuta oksijeni badala ya kuitoa. Kukaribia alfajiri samaki hupanda juu wakihema. Kambale, mwenye kiungo cha kuvutia hewa, huvumilia. Perege na kitoga hawana uwezo huo. Baadhi ya mwani wa kijani-buluu, kama Microcystis, hutoa sumu inayodhuru ini. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha maikrogramu 1 kwa lita kwa sumu ya mikrosistini katika maji ya kunywa. Ikumbukwe na kila mama na baba wa nyumba: kuchemsha maji huua vimelea vya kipindupindu, lakini hakuiondoi sumu hii.

3. Rutuba hufika majini kwa njia nne

Njia ya kwanza ni udongo. Fosforasi hung'ang'ania chembe za mfinyanzi, na mvua inapobeba udongo hubeba fosforasi pamoja nao. Wakulima wengi wa bonde hutumia mbolea ya chumvichumvi kidogo au hawatumii kabisa; lakini shamba lililofunguliwa mtelemkoni bila kinga, hata lisiloona mfuko mmoja wa mbolea, linaweza kuchafua maji kuliko jaruba lililosimamiwa vizuri.

Njia ya pili ni mbolea na mifugo. Urea inayomwagwa juu ya maji ya jaruba siku moja kabla ya mvua kubwa husombwa au huruka hewani ikiwa amonia. Ng'ombe naye hula majani malishoni na kuacha kinyesi mahali anaponywea. Makundi makubwa yalipoingia bondeni kuanzia miaka ya 1980 na baadaye, kingo nyingi ziligeuka njia za kunyweshea: majani yanakanyagwa, udongo unalegea, samadi inaingia majini moja kwa moja.

Njia ya tatu ni miji. Mtu mmoja hutoa karibu nusu kilo ya fosforasi kwa mwaka katika haja zake. Mji wa watu 100,000 hutoa tani zipatazo 50. Shimo la choo lililochimbwa kwenye udongo mkavu hushikilia sehemu kubwa ya mzigo huo. Mji wa Ifakara, hata hivyo, umekaa tambarare, maji ya ardhini yakiwa karibu, na mto Lumemo unapofurika vyoo vya shimo hujaa na kumwagika. Suala la choo, kwa hiyo, ni suala la ziwa vilevile.

Njia ya nne husahaulika kwa urahisi: hewa. Utafiti wa Rashid Tamatamah na wenzake katika Ziwa Victoria, uliochapishwa mwaka 2005, ulikadiria kuwa zaidi ya nusu ya fosforasi inayoingia ziwani humo hushuka kwa mvua na vumbi. Vumbi la ardhi iliyo wazi na majivu ya moto wa misitu na mbuga ni vyanzo vyake. Msimu wa kuchoma nyasi katika Kilombero ni msimu wa kurutubisha maji kutoka juu.

4. Ziwa hugeuka kwa ghafla na hurudi kwa taabu

Mwaka 1993 mtafiti wa Uholanzi Marten Scheffer na wenzake walieleza kwa nadharia jambo ambalo wasimamizi wa maziwa walikuwa wakiliona bila kulielewa. Ziwa la kina kifupi linaweza kukaa katika hali mbili. Katika hali ya kwanza maji ni mwangavu na mimea imeota chini. Mizizi hushika tope, majani hutuliza mawimbi, na maji yanazidi kung'aa. Katika hali ya pili mwani umetawala. Mwanga haufiki chini, mimea haioti, tope halina mshikaji, na maji yanazidi kuvurugika. Kila hali hujilinda. Ndiyo maana rutuba inaweza kuongezeka kwa miaka mingi bila dalili kubwa, kisha msimu mmoja ukageuza kila kitu.

Kurudi nyuma ni kazi nyingine. Tope ni ghala: katika miaka ya rutuba nyingi hupokea, na uchafu wa nje unapozuiwa huanza kutoa. Fosforasi iliyofungwa na chuma kwenye tope huachiwa pale oksijeni inapokwisha. Mapitio ya maziwa 35, yaliyochapishwa mwaka 2005 chini ya uongozi wa Erik Jeppesen wa Denmark, yalionyesha kuwa maziwa mengi huchukua miaka 10 hadi 15 kufikia mizani mpya ya fosforasi baada ya mzigo wa nje kupunguzwa.

Ziwa Taihu la China linaonyesha gharama ya kuchelewa. Lina kilomita za mraba zipatazo 2,300 na kina cha wastani kisichozidi sana mita 2. Mei 2007 mwani ulifunika sehemu ya kaskazini, na zaidi ya watu milioni 2 wa mji wa Wuxi wakakosa maji ya bomba yanayofaa kutumiwa. Juhudi kubwa zilifuata, na miaka mingi baadaye mwani bado unarejea.

Karibu zaidi na hapa, magugu maji yalionekana katika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mbawakavu wa jenasi Neochetina, wenye asili ya Amerika Kusini, waliachiwa kuyala, na kufikia mwisho wa muongo huo yalikuwa yamepungua sana. Katika Ghuba ya Winam, nchini Kenya, yamerejea mara kadhaa, kwa sababu mdudu hula gugu na hagusi rutuba inayolilisha.

5. Kipimo hutangulia dawa

Ziwa Victoria linatoa pia somo la upimaji. Mwanasayansi Jack Talling alilipima mwaka 1960 na 1961. Watafiti wa miaka ya karibu na 1990, akiwamo Rose Mugidde wa Uganda, walipopima tena, waliona uzalishaji wa mwani umefikia takriban mara mbili. Kulinganisha huko kuliwezekana kwa kuwa kulikuwa na daftari la Talling. Bonde lisilo na daftari la namna hiyo hubishana juu ya kumbukumbu za watu badala ya tarakimu.

Uchunguzi unaofaa Kilombero una vipengele vitano.

(a) *Mzigo wa mto.* Ukolezi wa rutuba huzidishwa kwa wingi wa maji yanayopita. Siku chache za mvua kubwa za mwanzo wa msimu hubeba sehemu kubwa ya fosforasi ya mwaka mzima. Anayepima mara moja kwa mwezi, siku ya jua, huikosa karibu yote.

(b) *Mwangaza wa maji.* Sahani iliyobuniwa na Angelo Secchi mwaka 1865 hushushwa kwa kamba mpaka isionekane, kisha kina husomwa. Shule yoyote inaweza kuitengeneza. Tahadhari ni moja: maji ya Kilombero yanaweza kuwa na ukungu kwa sababu ya mfinyanzi, si mwani. Maji yapitishwe kwenye karatasi ya kuchujia. Masalia ya kahawia yanaonyesha udongo, ya kijani yanaonyesha mwani.

(c) *Oksijeni ya alfajiri.* Kipimo cha saa sita mchana huonyesha hali nzuri kuliko ilivyo, kwa kuwa mwani uko kazini. Mpimaji lazima awe kwenye mtumbwi kabla ya jua kuchomoza, saa ambayo wavuvi wako majini tayari.

(d) *Tope.* Bomba likichomekwa kwenye sakafu ya bwawa hutoka na tabaka za miaka iliyopita. Umri wa tabaka hukadiriwa kwa madini ya risasi yenye mionzi (risasi-210), na fosforasi ya kila tabaka hueleza rutuba ilianza kuongezeka lini.

(e) *Daftari la wavuvi.* Aina ya samaki, tarehe ya maji kubadilika rangi, mahali walipofia samaki: taarifa hizi zikiandikwa kila msimu huwa kielelezo ambacho maabara haiwezi kukitoa.

Vyombo vya kazi hii vipo. Bodi ya Maji Bonde la Rufiji ina dhamana ya rasilimali za maji. Taasisi ya Utafiti wa Kilimo (TARI) Ifakara, iliyofahamika zamani kama KATRIN, inaujua mpunga na mbolea yake. Taasisi ya Afya ya Ifakara, ambayo chimbuko lake ni maabara iliyoanzishwa miaka ya 1950 na Rudolf Geigy wa Uswisi, imezoea kufuatilia jambo moja kwa miongo mingi. Kinachohitajika ni daftari moja la pamoja, kwa vituo vilevile na njia zilezile.

6. Rutuba huzuiwa inakotoka

Hatua zinapangwa kuanzia juu ya bonde kushuka majini, na kadiri zinavyokaribia ziwa ndivyo gharama yake inavyopanda.

Mtelemkoni, kazi ni kushika udongo: makinga maji, matuta yanayofuata kontua, miti, na kuacha mabonde ya vijito bila kulimwa.

Katika majaruba, kanuni ni kulisha mpunga na kuyanyima maji. Mbolea ya kupandia ichanganywe na udongo, isiachwe juu. Ya kukuzia igawanywe mara mbili au tatu, maji yapunguzwe kabla ya kuiweka, na milango ya jaruba ifungwe siku kadhaa baadaye. Vidonge vya urea vinavyofukiwa kwa kina cha sentimita 7 hadi 10 hupunguza upotevu. Kilimo shadidi, chenye kumwagilia kwa zamu na kukausha, hupunguza maji yanayotoka shambani. Katika skimu za umwagiliaji kama za Mkula, Msolwa Ujamaa na Njage, mfereji wa kutolea maji unaweza kupitishwa kwanza kwenye ukanda wa matete kabla ya kufika mtoni. Hapa mkulima na mvuvi wana faida moja: kila kilo inayobaki shambani ni fedha iliyookolewa.

Kingoni, sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Matete na mafunjo ya ukanda huo huchuja udongo na kunyonya rutuba. Kwa mifugo, hatua yenye matokeo ya haraka ni birika la kunyweshea lililojengwa mbali na ukingo, na njia ya ng'ombe iliyokubaliwa na kijiji. Amri bila birika humwacha mfugaji na ng'ombe mwenye kiu, na ng'ombe mwenye kiu hasomi sheria.

Mjini, vyoo vya maeneo yanayofurika viinuliwe na kujengewa kuta zisizovuja, tope lake linyonywe na kupelekwa kwenye mabwawa ya kutibu majitaka. Tope lililotibiwa vizuri linaweza kurudi shambani kama mbolea.

Ndani ya maji zimebaki tiba za mwisho: kuvuna magugu, kuchimba tope, au kumwaga chumvi za aluminiamu zinazofunga fosforasi. Ni ghali, na hazidumu iwapo mzigo wa nje haujazuiwa. Tiba nyingine ya Ulaya, ya kupunguza samaki wanaokula vijidudu ili vijidudu vile mwani, haihamishiki hivihivi. Katika Ziwa George mmoja wa walaji wakubwa wa mwani wa kijani-buluu ni samaki mwenyewe: sato, ambaye asidi kali ya tumbo lake humeng'enya hata Microcystis.

Juu ya hatua zote hizi yako mafuriko. Bwawa lililokatwa na mto kwa tuta au barabara isiyo na makalvati ya kutosha hukosa maji ya kulisafisha. Kuyaacha maji yapite wakati wa masika ni njia ya asili ya kutua mzigo, na haina mbadala wa bei hiyo.

Mwelekeo wa mbele

Mto Kilombero hutoa takriban theluthi mbili ya maji ya Mto Rufiji. Bwawa la Julius Nyerere katika mto huo, lililoanza kujazwa Desemba 2022 kwa ajili ya mitambo ya megawati 2,115, sasa hupokea sehemu kubwa ya kile kinachotoka bondeni, rutuba ikiwamo. Wakati huohuo mpango wa nchi ni kuongeza mavuno ya mpunga, na mavuno zaidi yatataka mbolea zaidi. Matumizi madogo ya leo ndiyo nafasi ya Kilombero: nchi nyingi zilianza kujifunza kuzuia rutuba baada ya maziwa yao kugeuka kijani.

Mambo matatu yanaweza kuanza msimu ujao bila kusubiri mradi mkubwa. Bodi ya bonde, TARI na taasisi za utafiti zikubaliane juu ya vituo vichache vya kupimia, vikiwamo mabwawa yaliyo karibu na skimu na mengine yaliyo mbali nazo, ili kuwe na ulinganisho. Vyama vya umwagiliaji viingize kanuni ya kufunga milango baada ya kuweka mbolea katika taratibu zao. Halmashauri za Ifakara, Mlimba, Ulanga na Malinyi zipange birika na njia za mifugo pamoja, kwa kuwa maji hayatambui mpaka wa halmashauri. Vipimo vya miaka mitano ya kwanza vitaonyesha ni njia ipi kati ya zile nne inayobeba mzigo mkubwa zaidi, na fedha zitakazopatikana zitakuwa na mahali pa kuanzia.